Kizuri Kinavumisha Nini?

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipoteza alama mbili kwa sababu ya methali. Ulikuwa mtihani wa muhula, na swali lilikuwa lile lile ambalo kila aliyepita sekondari amelikariri: "Taja aina za maneno yaliyopigiwa mstari." Sentensi ya nne ilisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mstari ulipita chini ya "kizuri". Nikajibu: nomino. Karatasi iliporudi nikakuta eksi nyekundu na neno moja pembeni: "Kivumishi!"

Nikanyoosha mkono. "Samahani mwalimu," nikasema, "ulitufundisha kwamba kivumishi ni neno linalotoa sifa za nomino. Hapa kizuri kinavumisha nini?"

Darasa likanyamaza. Mwalimu akatazama karatasi, akatazama dari, kisha akasema: "Shina lake ni -zuri, na -zuri ni kivumishi. Kaa chini, usilete ubishi."

Nikakaa chini. Ubishi nikaondoka nao, na leo nimeuleta hapa.

Ndugu msomaji, usidhani nataka kumsema mwalimu yule. Darasa lilijaa mpaka dirishani, kitabu kilikuwa kimoja, naye alifundisha kama alivyofundishwa. Ninayoisema ni imani aliyokuwa nayo, kwa sababu nimeikuta mahali pengi baada ya pale. Nimeikuta kwenye vikao vyetu vya kusomeana miswada, na kwa wahariri wanaokata mstari mzuri eti kwa sababu "hili ni kielezi, haliwezi kuanza sentensi". Nimeikuta hata kwa vijana wenzangu wanaoogopa kuandika Kiswahili wakidhani hawakijui, ilhali wamekizungumza tangu walipoota meno. Imani yenyewe ni hii: kila neno huzaliwa na aina yake, likapewa cheti cha kuzaliwa, na kazi ya mwandishi ni kuliacha pale lilipoandikishwa.

Naipinga imani hiyo. Aina ya neno ni kazi inayofanywa na neno hilo ndani ya sentensi. Neno lililo nje ya sentensi ni kama fundi aliyekaa kijiweni na mfuko wake wa vifaa. Unaweza kubahatisha anajua nini, lakini hujui leo atapiga plasta au atapaka rangi mpaka aitwe. Konda wa daladala anayepaza sauti "Kariakoo! Kariakoo!" hakufundishi majina ya mitaa ya Dar es Salaam. Anakwambia panda, gari hili linakwenda huko. Jina la mtaa limefanya kazi ya sentensi nzima, na abiria wote wameelewa. Asiyeelewa ni mtu mwenye orodha peke yake.

WAHENGA HAWAKUFANYA MTIHANI

Tuanze na mashahidi wasio na shaka. Methali zetu zimetungwa na watu ambao wengi wao hawakukaa darasani hata siku moja, na hakuna mwalimu anayethubutu kusema si Kiswahili fasaha. Hebu tuzipitishe kwenye mtihani wetu.

"Lisemwalo lipo." Maneno mawili tu. Nitafutie nomino. Hakuna! "Lisemwalo" kwa umbo lake ni kitenzi: ndani yake kuna sema, kuna kauli ya kutendwa, kuna kirejeshi. Lakini limeketi kwenye kiti cha kiima, na "lipo" inalifuata kwa adabu zote ikibeba li- yake. Kitenzi kimefanya kazi ya jina, na hakuna aliyekiuliza kitambulisho.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Hiyo "cha" ni aina gani? Kitabu kimoja kitakwambia ni kihusishi, kingine kitakwambia ni kiunganishi. Haya, kinaunganisha nini na nini? Kushoto kwake yuko "mtaka", na huyo hayupo mvunguni, ndiyo maana anaambiwa ainame. "Cha mvunguni" ndicho kitu chenyewe kinachotakiwa. Kitu hakikutajwa, na wala hakuna haja, kwa kuwa ch- peke yake imetosha kukitaja.

"Haraka haraka haina baraka." Ukisema "njoo haraka", haraka ni kielezi. Hapa imepata kitenzi chake, "haina", chenye kiambishi kilekile cha ngeli kinachopewa nyumba na nguo. Imekuwa jina. Na "polepole ndio mwendo" je? Mtu gani atasimama mbele ya bibi yake amwambie, "Bibi, polepole ni kielezi, huwezi kuanzia hapo"?

"Kuishi kwingi ni kuona mengi." Kuishi ni kitenzi, lakini kimevishwa kivumishi "kwingi" kama jina lolote. Mengi nayo ni kivumishi, lakini kimesimama peke yake, mambo yenyewe yamebaki nyumbani. Katika maneno matano ya methali hii, mawili yapo mahali ambapo orodha yangu ya kidato cha tatu isingeyaruhusu kukaa.

Basi kuna njia mbili. Tuseme wahenga walikosea, au tuseme orodha imekosea. Mimi nimeshachagua.

MASANDUKU YALITOKA MBALI

Orodha hii si ya jana wala si ya hapa. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, huko Alexandria, aliishi mtaalamu wa Kigiriki aitwaye Dionysius Thrax. Kitabu kidogo cha sarufi chenye jina lake kinagawa maneno ya Kigiriki katika aina nane. Vivumishi havimo kama aina ya pekee, vilihesabiwa pamoja na majina. Ndiyo, hata kwa Wagiriki "kizuri" kilikuwa jina! Laiti ningelijua hilo siku ile darasani.

Warumi wakaichukua orodha hiyo kwa ajili ya Kilatini. Wakakuta tatizo: Kigiriki kina neno dogo linalotangulia nomino kuonyesha kwamba kitu kinajulikana, Kilatini hakina. Wakaliondoa. Mahali pake wakaweka vihisishi, zile "lo!" na "ole!" zetu, na hesabu ikarudi kuwa nane. Angalia vizuri, msomaji: lugha ilikuwa nyingine, sanduku moja likatolewa, lakini idadi haikuguswa. Nane imekuwa kama nambari ya ibada.

Kisha Wazungu waliolelewa katika sarufi hiyo wakafika pwani yetu. Johann Ludwig Krapf alichapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850, Edward Steere akafuata na kitabu chake mwaka 1870. Walifanya kazi kubwa nami siwalaumu, maana msafiri hupakia mizigo yake kwenye sanduku alilo nalo. Hata miongoni mwao wapo walioona kwamba sanduku halifungi. E. O. Ashton, katika kitabu chake cha mwaka 1944, aliipa -a yetu ya "mtoto wa jirani" na "kiti cha mbele" jina lake yenyewe, -a ya uhusiano, badala ya kuilazimisha iwe kitu cha Kiingereza.

Lakini sisi tulioirithi kazi hiyo tumeifanyia nini? Kitabu kimoja kinafundisha aina saba, kingine nane. Hapa "wa" ni kihusishi, pale ni kiunganishi. Mwanafunzi akihama shule, ukweli nao unahama. Na katikati ya kutoafikiana kote huku, eksi nyekundu inachorwa kwa uhakika kabisa, kama kwamba suala lilishamalizwa mahakamani.

Kibaya zaidi ni zile fasili tulizokaririshwa. "Kitenzi ni neno linaloeleza tendo." Haya: mbio, wizi, vita, mapigano. Matendo matupu, na yote ni nomino. Sasa nipe tendo lililomo katika "ni" ya "Asha ni daktari". Hakuna anayetenda lolote pale, na bado tunaambiwa ni kitenzi, kishirikishi. Fasili inayowaacha nje wanaohusika na kuwaingiza wasiohusika ni mlango mbovu. Inatazama maana ya neno peke yake, na maana peke yake haikuambii neno linafanya nini.

BASI TUTAJUAJE?

Ni haki kuniuliza hivyo. Kubomoa ni rahisi. Mimi hutumia maswali mawili, na yote yamo ndani ya Kiswahili chenyewe. La kwanza: neno hili linapatana na nani? La pili: nikilibadilisha la jirani, hili nalo linabadilika?

Chukua "vizuri", neno moja, herufi sita zilezile.

"Vitabu vizuri vimeisha." Badilisha vitabu viwe kitabu. "Kitabu kizuri kimeisha." Vizuri imebadilika ikimfuata bwana wake. Basi hapa inavumisha.

"Amevipanga vizuri." Badilisha: amekipanga vizuri, amewapanga vizuri, ameupanga vizuri. Haitikisiki, haimfuati mtu. Kazi yake ni kueleza namna ya kupanga, basi ni kielezi.

"Vizuri vimeisha, vimebaki vibovu." Sasa kitenzi ndicho kinachoifuata. Vizuri imekuwa bwana mwenyewe, imeshika kazi ya jina. Mwingine atapenda kuiita kiwakilishi kwa kuwa inasimama badala ya viazi au viatu ambavyo havikutajwa, nami sitagombana naye. Tutakuwa tunabishana juu ya jina la kazi, na kazi yenyewe tumeiona sote.

Au chukua "na", kaneno ka herufi mbili. Katika "Asha na Juma wamefika" inaunganisha watu wawili wa daraja moja. Katika "Asha ameitwa na Juma" inamwonyesha aliyefanya. Katika "Asha ana Juma wake" imeingia tumboni mwa kitenzi na kuleta umiliki. Na ukisikia "hata Juma naye amekuja", inaongeza mtu kwenye hesabu. Mwandishi asiyeziona kazi hizi ataandika "alizungumza na kucheka na rafiki na mama yake na kuondoka" kisha atashangaa kwa nini msomaji hajui nani alicheka na nani na nani aliondoka.

Hapo ndipo sarufi inapokuwa mali ya mwandishi. Mtihani ulinitaka nijue jina la "na". Hadithi yangu inanitaka nijue "na" inafanya nini.

HUJAMBO NA POA

Sasa nawageukia wale wanaosema Kiswahili cha mtaani kinaua lugha. Wanasema vijana wanachukua maneno na kuyatumia ovyo, "bila kujali aina zake". Hoja yao kubwa ni "poa". Poa ni kitenzi, wanasema: chai imepoa, uji umepoa. Vijana wameifanya jibu la salamu, wakaifanya sifa ("mshikaji poa"), wakaifanya kielezi ("tumekaa poa"). Uharibifu mtupu!

Shikamooni wazee. Hamjambo?

Naomba mlitazame neno hilo mlilonijibu kwalo, "hatujambo". Jambo ni nomino, wingi wake mambo. Na hatu- je? Ni kiambishi cha kukanusha ambacho kazi yake ya kila siku ni kukaa mbele ya vitenzi: hatuendi, hatujui, hatutaki. Mtu fulani wa zamani, ambaye jina lake halijulikani, alichukua kiambishi cha kitenzi akakipachika kwenye jina. Sijambo, hujambo, hajambo, hatujambo, hamjambo, hawajambo. Leo ndiyo salamu ya heshima kabisa, tunafundisha wageni siku ya kwanza, na mgonjwa aliyepata nafuu tunasema "hajambo kidogo". Kwa mujibu wa masanduku, hilo ni kosa la jinai. Kwa mujibu wa Kiswahili, ni Kiswahili.

Kijana wa kijiweni amefanya na "poa" alichofanya mzee yule na "jambo". Tena amefanya kwa nidhamu kuliko anavyodhaniwa. Sikiliza: mtu poa, watu poa, kitu poa, vitu poa. Poa haibadiliki. Kwa nini hakuna anayesema "wapoa" au "kipoa"? Kwa sababu Kiswahili kilikwisha fungua mlango wa vivumishi visivyobadilika zamani sana, vilipoingia "safi", "hodari", "ghali" na "rahisi" kutoka Kiarabu: mtu safi, watu safi, vitu safi. Poa imepita mlango huohuo, ikakaa baada ya jina kama wenzake. Hujasikia mtu akisema "poa mtu" na hutasikia.

Na "kinoma" na "kichizi"? "Jamaa anacheza kinoma." Tazama ki- iliyotangulia. Ni ki- ileile ya kitoto, kishujaa, kifalme: unachukua jina, unalitanguliza na ki-, unapata namna ya kutenda. Aliyebuni "kinoma" pengine hajawahi kusikia neno "kielezi", lakini kanuni ya kuunda vielezi anayo mkononi. Hata "anaimba ile mbaya", ambayo ukiichambua ni kionyeshi na kivumishi visivyo na jina la kuvumisha, inafanya kazi ya kielezi bila kumchanganya msikilizaji yeyote.

Sisemi kila neno la mtaani lifae kila ukurasa. Mengine yatakufa mwakani, na hadithi iliyojengwa juu yake itakufa nayo. Ninachosema ni kwamba hoja ya "kutumia ovyo" haisimami. Mtaa una sarufi. Asiyeisikia hajasikiliza.

HAWAJANILIPA

Kuna siku kijana mmoja jirani yangu, saidia fundi, aliniomba nimwandikie barua. Alikuwa amebeba zege wiki tatu kwenye nyumba ya mtu na hajapata hela yake. Akanieleza, nikaandika kwa Kiswahili nilichokiona kizito, cha kiofisi. Nilipomsomea, nikafika mahali niliposema, "Hawakunilipa ujira wangu."

Akanizuia. "Hapana, kaka. Mimi nimesema hawajanilipa."

"Si ni yaleyale?"

"Si yaleyale. Ukiandika hawakunilipa ni kama yameisha, nimeshasamehe. Mimi bado nadai."

Nikafuta, nikaandika upya. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, yeye alikuwa ameishia darasa la saba. Kati yetu wawili, anayejua kitenzi alikuwa yeye.

Sasa fikiri neno hilo lingeletwa kwenye mtihani. "Hawajanilipa: taja aina ya neno." Jibu: kitenzi. Vema, chukua alama yako. Na yaliyomo ndani? Ha- inakana. -wa- ndio wao, wenye nyumba. -ja- inasema tendo halijatimia na mlango uko wazi. -ni- ndimi, niliyebeba zege. -lip- ndilo deni. Neno moja limembeba mdai, mdaiwa, deni na matumaini. Sentensi nzima, kesi nzima! Na sisi tunalitia kwenye sanduku lenye jina "kitenzi", tunafunga kifuniko, tunakwenda kwenye swali la pili.

Hiyo ndiyo hasara ninayoililia. Alama mbili si mali. Lakini kijana anayetoka shule akiamini kwamba sarufi ni kubandika majina kwenye maneno, hatajua kwamba -ja- na -ku- zinaweza kutofautisha mtu anayedai na mtu aliyekata tamaa. Siku ataandika barua, au hadithi, au shairi, ataandika lisilo lake.

NANYI WASANII

Baada ya kuwasema walimu na wazee, nisiwaache wenzangu. Najua mnanipigia makofi. Subirini kwanza.

Kila kikao hakikosi mmoja wa kusema, "Sanaa haina sheria. Sarufi ni ya walimu, mimi ni msanii." Kisha anafungua daftari na kusoma: "Ulikuwa usiku mweusi, wenye giza nene, la kutisha na la kuogofya." Nina haki ya kuucheka mstari huo kwa kuwa ni wangu. Ndio uliofungua hadithi yangu ya kwanza. Hesabu: mweusi, wenye giza, nene, la kutisha, la kuogofya. Sifa tano zimebeba habari moja, kwamba palikuwa na giza. Na usiku kuwa na giza si habari.

Niliutoa wapi mtindo huo? Niliutoa kwenye riwaya za Kiingereza za bei ya chini, nikawa naufasiri kichwani. Kiingereza kina vivumishi tele, unaweza kuvipanga foleni mbele ya jina mpaka uchoke. Kiswahili hakikujengwa hivyo. Vivumishi vyetu vya asili, vile vinavyobadilika kufuata ngeli kama -zuri, -baya, -refu, -kavu, -zito, -ekundu, ni vichache. Ukikaa chini utaviandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari na nafasi ibaki. Ndiyo maana tunapotaka kuvirundika tunaishia kwenye mkufu wa "wa", "la", "cha", "yenye", na sentensi inaburuta miguu.

Je, lugha yetu ni maskini? La hasha! Kazi hiyo imepewa kitenzi. Mtu amechoka, amelewa, amenuna, amekonda. Chungu kimejaa, embe limeoza, shati limechakaa, bahari imechafuka. Zote hizo ni hali za vitu, na zote tunazieleza kwa -me-. Tazama pia yale tunayoweza kufanya na mwisho wa kitenzi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Nilikuwa nikiandika, "Alikuwa na uso wenye furaha baada ya kuwa na uso wenye huzuni." Kiswahili kinasema: uso ulikunjuka. Kwisha! Umeuona uso wa kwanza na wa pili, na umeona ukibadilika.

Kwa hiyo msanii anayedharau sarufi na mwalimu anayeabudu orodha ni ndugu wa baba mmoja. Wote wawili wanaamini sarufi ni zile karatasi za mtihani. Mmoja anazitundika ukutani, mwingine anazichana, na hakuna kati yao anayemsikiliza yule kijana wa zege.

Mtazame Shaaban Robert. Alitaka nchi ya kubuni ya kuwaweka mfalme na raia na kesi yao. Akachukua kitenzi sadiki, akakinyumbua kikawa sadikika, akakitanguliza ku-, akapata Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Akafanya hivyohivyo na fikiri, tukapata Kufikirika. Mwalimu wangu angeandika pembeni: "kitenzi!" Lakini ndani ya kitenzi hicho wapo watu wanaoishi. Said Ahmed Mohamed alichukua tengana akaipa u- mbele na -o nyuma, akapata Utengano, riwaya ya mwaka 1980, na jina lenyewe likabeba kitabu kizima. Hawa hawakuvunja sarufi wala hawakuipigia magoti. Waliijua kama seremala anavyoijua mbao, upande unaopasuka na upande unaobeba.

NINACHODAI

Ataniuliza mtu: bila orodha mwanafunzi ataanzia wapi? Aanzie kwenye orodha. Sina ugomvi na majina. Fundi lazima ajue huu ni msumeno na hii ni randa, la sivyo atamwomba nani nini? Nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi ni majina mazuri na nimeyatumia katika makala hii yote. Ugomvi wangu ni pale orodha inapokuwa mwanzo na mwisho.

Ninachodai ni kidogo. Swali libadilike. Badala ya "taja aina ya neno", mwanafunzi aulizwe: "Neno hili linafanya kazi gani hapa, na umejuaje?" Alama nusu ziwe za jibu, nusu ziwe za "umejuaje". Atakayejibu kivumishi na atakayejibu nomino watalazimika kuonyesha ushahidi, na mwalimu atalazimika kuusoma kabla ya kuchora eksi.

Wahariri wetu nao, kabla hawajakata mstari kwa sababu neno "limekaa vibaya", wausome kwa sauti. Wajiulize kama bibi zao wangeusema. Nasi tunaoandika, kila tunapomaliza ukurasa, tuchague neno moja na kuliuliza: wewe hapa unafanya nini? Lisipojibu, tulifute hata kama tunalipenda. Mimi ule usiku wangu mweusi wenye giza nene nilikwisha ufuta.

Zile alama mbili nimeshazisamehe. Swali ndilo sijalisamehe. Miaka imepita, nimeuliza walimu wengine, nimeuliza na wenye shahada, wananiambia shina lake ni -zuri. Shina nalijua. Niliuliza kinavumisha nini, na hawajanijibu.

Hawajanijibu, msomaji. Sikusema hawakunijibu.